Supu ya viazi nzito na laini: maswali yanayoulizwa kila siku

Nimeulizwa haya maswali mara nyingi mpaka nikaona niyakusanye sehemu moja, maana kila nikijibu mmoja anakuja mwingine na lilelile. Kabla hujashuka chini naomba ushike kitu kimoja tu: ulaini wa hii supu unatoka kwenye kiazi chenyewe, krimu inakuja mwishoni kumalizia. Wengi wanaokwama wanamwaga krimu kopo zima kutibu kitu ambacho kiliharibika kwenye viazi dakika ishirini nyuma, afu wanalalamika supu ni nzito ya mafuta na bado haijawa laini.

Nipe vipimo kwanza, stori baadaye

Haya. Kwa watu wanne wenye njaa: viazi kilo 1, kitunguu maji kikubwa kimoja, punje 3 za kitunguu saumu, siagi gramu 40, maji au supu ya kuku au ya mboga lita 1, krimu mililita 150 mpaka 200, chumvi kijiko cha chai kimoja na nusu kama hiyo supu unayomwagia haina chumvi, na pilipili manga. Ni hivyo tu.

Yeyusha siagi moto mdogo, tia kitunguu ulichokatakata, kiache kilainike taratibu kama dakika 8 mpaka 10, kiwe kinang'aa lakini kisibadilike rangi kuwa kahawia. Saumu inaingia dakika ya mwisho. Weka viazi vilivyomenywa na kukatwa vipande vya sentimita 2 hivi, mwagia maji au supu, tia chumvi, ikichemka punguza moto ifukute dakika 15 mpaka 20. Ukichoma kipande kwa kisu kikavunjika chenyewe bila kubishana basi vimeiva. Ponda, toa jikoni, tia krimu, koroga, onja. Sehemu ngumu ziko kwenye hayo maneno mawili, "ponda" na "tia krimu", na ndo maana ukurasa huu ni mrefu.

Nitumie viazi gani?

Viazi viko makundi mawili makubwa. Kuna vya ungaunga, vyenye wanga mwingi, ukivichemsha vinapasuka na kumomonyoka, mfano Russet au Maris Piper. Na kuna vile vya kuteleza, vyenye wanga kidogo, vinabaki na umbo lake hata ukivipika sana, hivyo ni vya saladi. Kwa supu laini unataka vya ungaunga, au vya katikati kama Yukon Gold ambavyo mimi navipenda zaidi kwa sababu vina rangi ya njano na ladha kama vimeshatiwa siagi tayari.

Hujui jina la viazi ulivyonavyo? Kata kimoja katikati uangalie kisu. Kama kisu kimebaki na utando mweupe kama maziwa na kiazi kimekishika kidogo wakati unakivuta, hicho kina wanga wa kutosha. Kama kisu kimetoka kisafi na kiazi kinang'aa kimajimaji, hicho ni cha kuteleza. Bado utapata supu, ila utaiponda kwa muda mrefu na haitakuwa ileile.

Mbona supu yangu imekuwa kama gundi? Inavutika!

Pole, hili ndo swali namba moja na mimi mwenyewe nimepita hapo. Mara yangu ya kwanza nilimwaga sufuria nzima kwenye blenda, nikabonyeza spidi ya mwisho, nikaenda kukunja nguo. Nilivyorudi nikachota na mwiko, supu ikapanda na mwiko kama gundi ya kubandikia mabango, ikaning'inia, ikakataa kudondoka. Ladha ilikuwa nzuri tu ila mdomoni ilikuwa haipiti.

Kinachotokea ni hiki: ndani ya kiazi kuna vijichumba vidogovidogo vimejaa chembe za wanga. Ukipika, zile chembe zinanyonya maji na kuvimba humo humo ndani, na zikibaki ndani ya vyumba vyake supu inakuwa nzito lakini laini. Blenda ikizunguka kwa kasi inachana vile vyumba, wanga wote uliovimba unamwagika nje, unashikana, na hapo ndo unapata gundi. Yaani kosa sio la viazi wala la krimu, ni visu vya blenda.

Kwa hiyo ponda kwa mkono, au kama una blenda ile ya mkono ya kutumbukiza kwenye sufuria, bonyeza na kuachia, bonyeza na kuachia, mara sita saba hivi, simama uangalie. Acha vipande vidogo vibaki, havina ubaya.

Njia yangu mimi siku hizi ni nyingine kabisa. Viazi vikiiva nachuja, navitoa pembeni, kile kimiminika pamoja na vitunguu ndo naviweka kwenye blenda nasaga mpaka viwe laini kabisa, hapo hakuna wanga mwingi wa kuharibu. Viazi navipitisha kwenye chujio kwa mgongo wa kijiko, afu narudisha vyote kwenye sufuria nakoroga. Inaongeza kazi ya dakika tano na chombo kimoja cha kuosha, lakini supu inateleza vizuri mno.

Imeshakuwa gundi tayari, inaokoleka?

Kuirudisha kama ilivyotakiwa kuwa, hapana. Unaweza kuipunguza makali kwa kuongeza supu ya moto kidogo kidogo mpaka ilegee, afu ukatupia kitu cha kutafuna juu, mahindi, bekoni, vipande vya viazi ulivyochemsha pembeni, ili mdomo uwe na kazi nyingine. Usiisage tena ukidhani italainika, utazidi kuiharibu.

Sina blenda kabisa

Hongera, umeepuka tatizo la hapo juu. Kiponda viazi kinatosha, hata uma mkubwa au chini ya kikombe kizito. Pika viazi dakika tano zaidi ya kawaida viwe vinasambaratika, na katakata kitunguu vipande vidogo kabisa mwanzoni kwa sababu hakuna mashine ya kukificha baadaye.

Na kusaga supu ya moto kwenye blenda ya jagi ni salama?

Ni salama ukiwa na adabu. Mvuke ukinaswa ndani unasukuma mfuniko, mfuniko unaruka, na supu ya viazi inashika kwenye ngozi haichuruziki kama maji, kwa hiyo inaunguza vibaya. Iache ipoe dakika kumi, jaza jagi chini ya nusu, toa kile kizibo kidogo cha katikati ya mfuniko, funika hilo tundu na taulo iliyokunjwa, shikilia kwa mkono, anza spidi ya chini. Nina doa kwenye dari la jiko langu, sitaki kulizungumzia.

Maziwa yamekatika, supu ina vipunje vyeupe. Nilikosea wapi?

Hapo kuna washukiwa watatu na mara nyingi wanakuja pamoja. Kwanza moto mkali, pili kitu kichachu, yaani ndimu, nyanya, divai, na tatu mafuta kidogo kwenye maziwa. Protini za maziwa zikipigwa na joto kubwa pamoja na uchachu zinashikana na kujitenga na maji, ndo hivyo vipunje unavyoviona. Krimu nzito yenye mafuta asilimia 30 na kuendelea inavumilia sana, unaweza hata kuichemsha isikatike. Maziwa ya kawaida hayana uvumilivu huo, na yale yaliyotolewa mafuta ndo kabisa.

Dawa yake: zima moto kwanza. Chota supu ya moto nusu kikombe, imimine kidogo kidogo kwenye bakuli la maziwa huku unakoroga, ili maziwa yazoee joto, afu hayo maziwa yaliyopata moto ndo unayarudisha kwenye sufuria. Ukitaka kupasha tena, pasha mpaka ianze kutoa mvuke, isitokote. Na ndimu ikae mwisho kabisa, kwenye bakuli.

Supu iliyokatika haina sumu, inaliwa vizuri tu, ni sura ndo imeharibika. Ukiipitisha kwenye chujio na kuongeza krimu nzito kidogo inajificha kiasi.

Krimu sina au siitumii, niweke nini?

Maziwa ya kopo yasiyo na sukari ndo chaguo langu la kwanza, ni mazito na hayakatiki ovyo. Soma kopo vizuri, kuna mtu aliweka yale matamu, na sufuria nzima ikawa dizati. Tui zito la nazi linaenda vizuri sana, ila jua kwamba supu itakuwa na ladha ya nazi na wala usijifanye hujaiona, iunge mkono kwa tangawizi au pilipili. Korosho mbichi zilizolowekwa kwenye maji ya moto nusu saa na kusagwa na maji kidogo zinatoa weupe na mafuta bila kuleta ladha kali. Mtindi unawezekana lakini ni mchachu na unakatika haraka, huo weka kijiko juu ya bakuli wakati wa kula.

Na unaweza pia usiweke chochote. Siagi gramu 40 za mwanzo, viazi vizuri, supu ya kuku nzito, basi. Jaribu siku moja kuonja kabla hujaweka krimu, nadhani utashangaa.

Lazima niweke unga wa ngano?

Hapana. Kama viazi ni vya ungaunga na ni kilo nzima kwa lita moja, wanga upo tele. Unga unasaidia pale viazi ni vya kuteleza au unataka supu yenye vipande vizima ambavyo hujaviponda. Hapo kitunguu kikishalainika nyunyiza vijiko viwili vya chakula vya unga kwenye ile siagi, koroga dakika mbili mpaka harufu ya unga mbichi iishe, afu mimina supu kidogo kidogo ukikoroga usipate madonge. Konflawa nayo inafaa, ila koroga kwanza na maji ya baridi kwenye kikombe, ukiimwaga kavu kwenye supu ya moto unavuna mabonge.

Ushauri wangu lakini, ikiwa nyepesi ponda viazi vichache zaidi kabla hujakimbilia unga.

Nimechemsha nusu saa na viazi bado vigumu!

Uliweka nini kingine humo? Nyanya? Ndimu? Siki? Uchachu unafanya gundi asilia inayoshikilia vijichumba vya kiazi ikatae kuyeyuka, viazi vinabaki vigumu hata upike mpaka jioni. Maziwa nayo, kama uliamua kuchemshia viazi kwenye maziwa toka mwanzo, kalisiamu yake inaimarisha ileile gundi, hivyo vitachelewa. Ndo maana tunasema maji au supu kwanza, maziwa baadaye. Kama hujaweka lolote kati ya hayo basi vipande vilikuwa vikubwa au havilingani, vile vidogo vimeyeyuka na vile vikubwa bado viko njiani.

Chumvi imezidi. Ni kweli nikitupia kiazi kinanyonya chumvi?

Ndugu yangu, sufuria yako ina kilo nzima ya viazi na bado ina chumvi :) Kiazi kinanyonya maji yenye chumvi, hakichagui chumvi peke yake, kwa hiyo kile kinachobaki ladha yake ni ileile. Ongeza maji au maziwa yasiyo na chumvi, ikiwa nyepesi ongeza kiazi kilichopikwa pembeni bila chumvi, yaani unaongeza ukubwa wa supu nzima. Matone ya ndimu yanaweza kukudanganya ulimi kidogo pia.

Hii inatokea zaidi kwa wanaotumia vidonge vya supu. Vile vina chumvi nyingi mno, ukivitumia usitie chumvi nyingine mpaka mwisho.

Supu yangu laini kabisa lakini haina ladha, kama nakula mawingu

Kiazi kinameza chumvi kama mchanga unavyomeza maji, kwa hiyo mara nyingi jibu ni chumvi tu. Ongeza kidogo, koroga, subiri dakika, onja. Na iwekwe wakati viazi vinachemka, ukingoja mwisho inabaki kwenye mchuzi na viazi vyenyewe vinakuwa havina ladha mdomoni.

Ukiona chumvi ipo na bado kuna kitu kinakosekana, huwa ni uchachu. Ndimu, matone matano sita kwenye bakuli, usisikie undimu, usikie tu kwamba supu imeamka. Kungumanga kidogo sana, ile ya kukwangua, inapendana na krimu na viazi vizuri. Halafu kuna vitunguu, wengi wanavipa dakika mbili kwenye siagi na kumwagia maji, vitunguu hivyo vinabaki na ukali mbichi na utamu wake hautoki. Mpe kitunguu dakika zake kumi, huo ndo msingi wenyewe.

Ukipata liki (leek, ndugu yake kitunguu mwenye majani marefu) tumia badala ya kitunguu, sehemu nyeupe na kijani cha karibu tu, na uioshe ukiwa umeipasua katikati maana mchanga unajificha katikati ya majani yake. Viazi na liki ni ndoa ya zamani.

Nioshe viazi nilivyokwisha kata? Vinabadilika rangi

Vinabadilika kwa sababu vimekutana na hewa, vitumbukize kwenye maji wakati unakata vingine, basi. Usiviloweke saa nzima na kubadilisha maji mara tatu kama vya chipsi, ule wanga unaoumwaga ndo unaoutaka kwenye supu.

Supu imekuwa ya kijivu

Ama vitunguu viliungua, ama viazi vilikaa nje muda mrefu, ama ni vumbi la pilipili manga nyeusi. Wanaojali rangi wanatumia pilipili manga nyeupe. Mimi sijali.

Viazi vyangu vimeota na vina ukijani, nivipikie supu tu?

Hapa sina utani. Ukijani wenyewe ni rangi ya majani tu, lakini unakuambia kiazi kimekaa kwenye mwanga na kwamba huenda sumu inayoitwa solanini imeongezeka, na kuchemsha hakuiondoi. Kama ni kijidoa kidogo, menya kwa kina, kata hiyo sehemu na macho yote yaliyoota, tumia kilichobaki. Kama kijani kimeenea, kiazi kimesinyaa au kina uchungu ukionja, tupa. Viweke sehemu yenye giza, hewa na ubaridi kiasi.

Imeshika chini, nifanye nini?

USIKWANGUE. Zima moto, mimina ya juu kwenye sufuria nyingine bila kugusa kilichoshika, onja. Mara nyingi imepona. Ukikwangua hata kidogo harufu ya moshi inaenea sufuria nzima na hakuna krimu itakayoificha. Supu hii ikishakuwa nzito inashika haraka, kwa hiyo baada ya kuponda moto uwe mdogo kabisa na mwiko uwe unapita chini chini.

Inaliwa baridi?

Inaliwa, na ina jina lake kubwa, vichyssoise, ya viazi, liki na krimu. Anayetajwa sana kuianzisha ni Louis Diat, mpishi Mfaransa aliyekuwa hoteli ya Ritz-Carlton ya New York, mwaka 1917. Ukiitaka hivyo ifanye nyepesi zaidi na uongeze chumvi, kwa sababu chakula cha baridi ladha yake inazubaa. Mimi nimejaribu mara mbili, nimerudi kwenye ya moto.

Inakaa siku ngapi kwenye friji? Na friza?

Friji siku 3 mpaka 4. Isikae mezani zaidi ya saa 2 kabla hujaiweka, na usisukume sufuria nzima ya moto humo ndani, igawe kwenye vyombo vifupi ipoe haraka. Ukipasha, pasha mpaka katikati iwe moto kwelikweli, nyuzi 74 kama una kipimajoto.

Friza ni habari nyingine. Ukigandisha ikiwa na krimu, ikiyeyuka inajitenga, maji huku, punjepunje kule. Kama unajua toka mwanzo unapika ya akiba, igandishe kabla hujaweka maziwa wala krimu, itumie ndani ya miezi 2 au 3, afu krimu unaweka siku ya kula. Ukiyeyusha itaonekana mbaya, ya majimaji na chengachenga, usishtuke, ipashe huku unaikoroga kwa nguvu, nyingi inarudi.

Ya jana imekuwa ngumu kama ugali, imeharibika?

Haijaharibika. Wanga ukipoa unajikusanya upya na kukaza. Iweke kwenye moto mdogo, ongeza maziwa au maji robo kikombe, ivunjevunje na mwiko, subiri ipate moto ndipo uamue kama inahitaji zaidi, maana ikipata moto inalegea yenyewe na wengi wanaomwaga maji mapema wanaishia na uji. Onja chumvi tena kabla hujagawa, ile uliyoongeza maji sio ile ya jana.